Turbaini ya Profesa

Kila Jumatatu asubuhi, nikiwa mwalimu msaidizi, nilifuta ubao, nikafungua madirisha, nikaandika swali la thamodainamiki, somo la joto na nishati, kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaingia. Jumatatu hiyo chaki iliniponyoka. Profesa alikuwa mlangoni, na nyuma yake wakaguzi wawili wa chuo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Leo nafundisha mimi, binti. Kaa nyuma."

Nikakaa. Yeye siku zote hufundisha uzamili tu, ila ukuu wa idara alioutamani ulitegemea ukaguzi huu.

Nilipokuwa mwaka wa pili, alinifukuza darasani kwa sababu ya alama moja ya hasi. Vitabu vya zamani huhesabu kazi inayotoka kwenye mtambo kuwa chanya. Vipya huihesabu hasi. Mimi nilifuata kipya. "Wewe na uhandisi wapi na wapi? Toka!" Darasa zima likacheka. Nililia chooni mpaka kipindi kikaisha.

Sasa akalishika swali langu: mvuke unazungusha turbaini, je, unatoka na nishati kiasi gani? Kazi nilikuwa nimeiandika hasi, kwa mtindo mpya. Yeye akaandika kanuni yake ya zamani, ile ya kuondoa kazi kwenye nishati. Hasi juu ya hasi, ikawa kujumlisha. Tangu mstari wa pili niliona anakokwenda. Ningekohoa tu, angeshtuka. Nikakunja mikono, nikameza mate kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula.

Jibu likatoka: mvuke umefanya kazi yote hiyo, na bado umetoka na nishati nyingi kuliko uliyoingia nayo.

"Prof," akauliza msichana mmoja wa mbele, mtani asiyejua kunyamaza, "turbaini hiyo inauzwa wapi? Tuagize moja ya hosteli!"

Kicheko kikalipuka. Mkaguzi mmoja akaacha kuandika.

Profesa akafuta, akarudia, akapata lile lile. Masikio yakamwiva. Akaninyooshea chaki.

"Mwalimu wenu ameandaa swali bovu. Ndiyo shida ya kuwaachia watoto darasa."

Nikasimama.

"Swali ni zima, Profesa. Umechanganya mitindo miwili."

"Kama uliona, mbona ulinyamaza?"

Watu wote wakanigeukia. Ningesema niliogopa, wangeniamini. Wote wananijua kwa upole.

"Nilinyamaza makusudi," nikasema. "Nilitaka wakucheke, tena wakiwa wengi, nami niwe nimekaa hapa natazama."