Waziri wa Nne

Ukutani mwa kantini ya shamba lile la maua, upande wa Theta, zilitundikwa picha tatu, na katika kila picha Mholanzi mrefu ameshika waridi akicheka. Sura zilikuwa tatu lakini cheo kilikuwa kimoja: Waziri wa Mambo ya Jamii na Ajira wa Uholanzi. Walikuja ndani ya miaka saba, kila mmoja kwa zamu yake, kujionea kama watu wanaokata maua yanayouzwa kwao wanatendewa kama watu. Hakuna aliyerudi mara ya pili. Wafanyakazi walizipita picha hizo na sahani zao za githeri bila kujiuliza kwa nini sura hubadilika na cheo hakibadiliki. Nami siwalaumu. Mtu mwenye njaa hana haja ya kusoma ukuta.

Sasa alikuwa anakuja wa nne, na aliyechaguliwa kuzungumza naye ni Ajwang', mama Austine, aliyekata waridi shambani hapo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake hakikuwa cha kuokoteza. Meneja Muigai alimwita ofisini Jumatatu, akamwekea kiti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azaliwe.

"Atiriri, sikiza, Mama Austine," alisema. "Huyu mzungu atauliza maswali matatu, yale yale ya wenzake. Mshahara, masaa, dawa. Wewe mjibu poa. Ukimjibu poa, Ijumaa Viola anatoka namba tisa anaenda pakihausi. Anakaa chini, anafunga maua, anangoja siku yake. Umeskia?"

Ajwang' alisikia, na moyo ulimdunda kwa furaha hadi akaona haya. Viola alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na mimba yake mwenyewe ilikuwa imetimiza miezi saba. Alikata maua kwenye grinihausi namba tisa. Mara tatu Ajwang' alikuwa amemwomba Muigai amhamishe, na mara tatu aliambiwa nafasi hakuna.

Namba tisa ilikuwa na wadudu sugu, kwa hiyo ilipigwa dawa kila siku ya pili. Sheria ya shamba ilikuwa wazi: dawa ikishapigwa, bendera nyekundu inachomekwa mlangoni na hakuna mtu kuingia hadi masaa kumi na mawili yapite. Lakini oda za Ulaya hazijui bendera. Oda ikibana, Muigai aliishusha baada ya masaa mawili au matatu, majani yakiwa bado yanatona, na supavaiza akaandika kitabuni kwamba muda ulitimia. Mumbi alikuwa akikata humo, akapoteza mimba mwezi wa pili mwaka huu. Ciku alikuwa akikata humo, akapoteza yake mwezi wa nne. Daktari hakusema ni dawa. Hakusema pia kwamba si dawa. Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji, na Ajwang' alikuwa ameona vichwa viwili vikinyolewa mbele yake.

Angeshika ahadi ya Muigai na hadithi ingeishia hapo. Aliyemtia shaka ni Jeconia, mkubwa wa wapiga dawa, mzee wa kutoka Ugenya kama yeye, ambaye kifua chake siku hizi kilikuwa kikikorota kwa kikohozi hata akiwa amekaa tu. Alimkuta kwenye bomba la kunawia mikono Jumatano jioni.

"Nyar Ugenya, binti wa kwetu, nimeskia umeahidiwa pakihausi."

"Si mimi, mzee. Ni Viola."

"Basi jua Mumbi pia aliahidiwa hiyo pakihausi. Krismasi. Mimi nilikuwa hapo, hizi masikio zangu zikiskia." Akafunga bomba, akakohoa, akaenda zake.

Alhamisi waziri akafika. Alikuwa na miwani na viatu vilivyofunikwa mifuko ya plastiki, na alimsalimia mpishi kwa mkono sawa na alivyomsalimia Muigai. Kisha akafanya jambo ambalo wale watatu hawakulifanya: aliwaomba wakubwa wasubiri nje. Muigai alitoka akicheka. Mlangoni aligeuka, akamtazama Ajwang' kwa muda, ndipo akaufunga mlango.

Na hapa naomba tumwelewe huyu mama. Kwetu waziri si mtu wa mchezo. Mwaka uliopita waziri mmoja alikuja Murera kufungua kisima, akina mama wakamlalamikia kuhusu chifu aliyekuwa akiwanyanyasa, na kabla ya jua kutua yule chifu alikuwa amehamishwa, vitanda na kuku. Ajwang' aliliona lori kwa macho yake. Huo ndio uwaziri alioujua. Alipima nguvu mbili, ya meneja aliyemdanganya Mumbi, na ya waziri wa nchi nzima, nchi yenye pesa ya kununua maua ya kutupa. Alichagua iliyo nzito. Wewe ungechagua ipi?

Waziri alipofika kwenye swali la dawa, Ajwang' alimweleza kila kitu: bendera, kitabu, Mumbi, Ciku, na dada yake aliyekuwa huko wakati ule ule wakizungumza. Waziri alivua miwani. Aliandika namba tisa kwenye daftari lake, akaizungushia duara.

"Nitalishughulikia mimi mwenyewe," alisema. "Wanunuzi wa kwetu wataambiwa, na wakaguzi watakuja katika mwezi huu. Nakupa neno langu."

Alimaanisha. Hilo sitamwondolea. Ajwang' alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi mgongoni, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

Lakini Waholanzi wana tabia yao. Kwao, nasikia, jambo huwekwa mezani mbele ya mhusika, na kulizungumza nyuma yake ni kumvunjia heshima. Basi wakati wa kuagana, wafanyakazi wote wamepanga mstari na maua, waziri alimshika Muigai mkono na kumwambia kwa sauti ya wote kusikia: "Bi Ajwang' amenieleza wazi kuhusu namba tisa. Namshukuru. Nitalifuatilia." Alidhani anamlinda. Alidhani mtu aliyetajwa mchana hadharani haguswi.

Muigai alitabasamu hadi magego yakaonekana.

Ijumaa hakuna aliyeitwa pakihausi. Lakini bendera ya namba tisa ilisimama masaa yote kumi na mawili, na Jumapili vilevile. Muigai alimsalimia Ajwang' kwa adabu kila asubuhi, "Sasa, Mama Austine," kisha akapita. Alikuwa akiogopa, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hivyo. Kitu kimoja tu kilimkosesha Ajwang' raha: kwenye kantini hakuna aliyetaka tena kukaa meza yake. Walimpenda, ila walimpendea mbali. Wamefanya kazi hapo muda mrefu, wanajua radi haipigi mti mmoja peke yake.

"Dada, na ile pakihausi?" Viola alimuuliza.

"Achana na pakihausi. Waziri amesema. Wakija hao wakaguzi, hiyo namba tisa yote itafungwa."

"Watakuja lini?"

"Mwezi huu."

Viola alipapasa tumbo lake. Alikuwa msichana wa kuamini dadake.

Jumanne saa ya chakula, Wamboi wa ofisi ya wafanyakazi alikuja na nyundo na picha ya nne. Ndani yake waziri alikuwa ameshika waridi akicheka, na Ajwang' amesimama kando yake, macho bado yana maji. Wamboi alipanda kiti, akaanza kupigilia msumari.

"Umetoka smart, Mama Austine," alisema. "Hata kama mwenyewe ameshaenda."

"Ameenda wapi?"

"Hujaskia? Serikali yao imeanguka jana. Iko kwa simu, angalia."

Ajwang' aliona mbele ya macho yake wanajeshi na barabara zinazowaka matairi. "Ngai! Wamemuua?"

Wamboi alicheka hadi akashika ukuta. "Zi! Huko hawauani. Chama kimoja cha muungano wao kimekasirika kimetoka, basi, serikali imekwisha. Ni kawaida yao. Unadhani hawa wengine watatu walienda wapi?" Akagonga kwa nyundo fremu moja baada ya nyingine, taratibu.

"Lakini bado ni waziri?"

"Ako ofisini mpaka wachague wengine. Lakini hawezi anza kitu mpya. Ni kama mpangaji amepewa notisi. Kupika anapika, lakini msumari kwa ukuta hapigilii." Ndipo alipoona uso wa Ajwang', akashuka kitini. Hakuwa mtu mbaya, Wamboi. Alimgusa bega, akasema kwa sauti ya chini, "Pole," kisha akatoka haraka, asije akaonekana.

Ajwang' alitazama zile picha nne, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alizisoma. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani, na aliogopea tumbo lisilo lake. Chakula kilipoa mbele yake.

Muigai hakumwita siku ile. Alimwacha aive. Alimwita kesho yake asubuhi, na tena alimwekea kiti.

Juu ya meza kulikuwa na barua. Aliigeuza ili Ajwang' aweze kuisoma. Ilikuwa barua ya kumhamisha Viola kutoka namba tisa kwenda pakihausi, ina mhuri wa shamba na sahihi ya Muigai, na tarehe yake ilikuwa Alhamisi ile ile ya waziri.

"Niliiandika asubuhi kabla mzungu aje," alisema. "Ilikuwa kwa hii droo. Nilikuwa nangoja utoke hapo nikupatie."

Ajwang' aliisoma mara mbili. Jina la dadake lilikuwa limeandikwa vizuri, herufi kwa herufi.

"Mumbi nilimdanganya, ni kweli," Muigai aliendelea, kwa upole, na upole huo ndio uliotisha. "Hiyo imenisumbua. Kwa hivyo wewe sikukudanganya. Lakini wewe ulitaka Viola, na ulitaka namba tisa, na ulitaka waziri. Mtaka yote hukosa yote, Mama Austine." Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

"Bosi, nakuomba. Mimi nifute kazi. Mtoto hana makosa."

"Sikufuti. Kwa nini nikufute? Uliambia mzungu masaa hayafuatwi. Sawa. Kuanzia kesho wewe ndio mwenye masaa hapo namba tisa. Kitabu ni chako, bendera ni yako. Wewe ndio utasema watu waingie, na utasaini. Nikikwambia leo tuko na oda, unajua la kufanya."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, wewe na Viola mnaenda nyumbani. Amebakisha wiki tatu afike likizo ya uzazi. Akitoka leo hakuna likizo, hakuna kadi ya hospitali. Akivumilia wiki tatu, anapata vyote." Alisimama, akamfungulia mlango. "Fikiria tu. Hakuna mtu amekulazimisha."

Alhamisi namba tisa ilipigwa dawa saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili asubuhi ujumbe wa Muigai uliingia kwenye simu ya Ajwang': oda. Wakataji kumi na wanne walikuwa wamepanga mstari mlangoni na mikasi yao. Jeconia alikuwa akiosha pampu yake kando, hakuinua kichwa. Viola alikuwa wa tatu.

Ajwang' alisimama na kitabu mkononi. Alitaka kukirusha matopeni. Alitaka kuwaambia wote warudi nyumbani, na angewaambia, naamini angewaambia, kama Viola hangetoka kwenye mstari akamjia.

"Dada, saini tu."

"Viola, majani bado yamelowa."

"Najua. Lakini tukienda leo, huyu mtoto nitamzalia wapi? Wewe ndio uliniambia tungoje waziri. Nimengoja. Sasa saini." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kusimama.

Ajwang' aliandika kwamba masaa kumi na mawili yametimia, akaweka sahihi yake chini. Akang'oa bendera. Akafungua leso yake ya kichwani, akamfunga dadake puani na mdomoni, juu ya ile barakoa nyembamba ya shamba, akaikaza mafundo mawili.

Kisha akaingia yeye kwanza, bila kitu usoni, akatembea hadi mwisho wa safu akiyapangusa majani kwa mikono mitupu, jani baada ya jani, ili yakauke. Wenzake walimpita wakaenda kwenye safu zao. Viola aliingia nyuma yake, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaanza kukata.