Kumhasi Abiria

Wiki ile sikuweza kukaa. Nikishika jembe naliacha, nikianza kumenya muhogo najikuta nimesimama mlangoni, kisu mkononi, namtazama yule sungura dume. Hiza, bwana mifugo, alikuwa amesema atapita Ijumaa baada ya sala, na kabla hajafika nilitakiwa niwe nimeamua: ahasiwe au asihasiwe.

Jina lake Abiria. Alipewa na mume wangu Mdoe mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya huku upande wa Mkata. Wenzetu walipakia vinu na milango ya nyumba zao kwenye lori la operesheni, Mdoe akapanda na kitoto cha sungura ndani ya kapu. Watu walicheka njia nzima. Masika yaliyofuata Mdoe akapooza upande wa kulia. Mguu ukagoma, mkono ukagoma, maneno yakawa yanatoka kwa tabu, moja moja. Mganga wa zahanati alisema mkono ukichezeshwa unaweza kurudi. Nilijaribu kuuchezesha mimi, Mdoe akawa anageuza uso. Lakini Abiria akipanda mapajani mwake, vidole vilevile vilivyokufa vilikuwa vinajikokota vyenyewe ndani ya manyoya. Nimeviona. Kwa hiyo asije mtu kuniambia yule ni sungura tu.

Sasa Abiria alikuwa amekua, na dume likishakua halina adabu. Anakimbilia majike ya majirani, anang'ata, anarusha mkojo. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akigeuka na kuurushia msala wa Mdoe, ule anaokaa juu yake kutoka sala hadi sala. Tangu siku hiyo msala ukawa hauishi kuloa. Naufua, nauanika, kesho umeloa tena. Mtu aliyepotelewa na mguu na mkono kabakiwa na nini zaidi ya sala zake? Nilimchapa Abiria kwa ufagio, na Mdoe akatazama ukuta.

Hiza alikuwa kijana wa Kishambaa kutoka Korogwe, mpole, na kwa upole wake hakunisaidia kitu.

"Akihasiwa atatulia, mama. Ila itabidi nimpasue kwa wembe. Ng'ombe wana koleo lao, huyu hana. Anaweza kupona, anaweza asipone."

"Wa mwisho uliyemhasi alipona?"

"Sungura sijawahi kuhasi, mama. Siwezi kukudanganya."

Nikaenda kwa Mwalimu Salimu, anayesomesha watoto Kurani, nikijua atanitua mzigo. Akaniongezea.

"Tulivyosomeshwa sisi, mnyama anahasiwa anenepe, aliwe. Kumhasi ili akutulie tu nyumbani, hapana. Weka nia ya kumla."

"Nia inakaa moyoni, mwalimu. Mimi moyoni sitaki kumla."

"Basi usimhasi. Mtoe nje."

Nje paka mwitu walikwisha kunimalizia kuku. Nilirudi nyumbani nikisema peke yangu njiani kama mwehu. Nikimwacha, mume wangu anakaa katika najisi. Nikimhasi, lazima nimchinje, na vile vidole vitashika nini? Niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Mwishowe nilichoka na nafsi yangu mwenyewe.

"Baba Mwanaidi," nilimwambia Mdoe, "nimeamua. Kesho Abiria anahasiwa. Akipona tutamnenepesha, Idi tumchinje. Nitakutafutia kitoto kingine."

Mdoe akafungua kinywa, akakifunga. Siku hizo nilikuwa nimezoea kuchukua kimya chake kuwa ni ndiyo.

Ijumaa Hiza akafika, akatoa shikamoo zake, akauchemsha wembe. Nilimlaza Abiria chali mapajani, nikamfunika macho kwa ncha ya kanga. Moyo wake ulikuwa unapiga mbiombio chini ya kiganja changu. Mdoe alikuwa kwenye msala wake, ameegemea ukuta. Hiza akapiga magoti mbele yangu.

"Si yeye," Mdoe akasema.

"Nani?"

"Mkojo. Si yeye."

Alinitazama, kisha akamtazama Hiza, kisha akanirudia mimi, na macho yake yalikuwa yananiomba nisimlazimishe kumaliza. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na haraka, mnyama ananiponyoka.

"Sema basi, mwenzio anasubiri."

Jasho likamtoka. Midomo ilihangaika muda mrefu.

"Ni mimi. Nakuita. Sauti haitoki. Inakuwa... nimeshaloa."

Hiza akainamisha kichwa. Uso ulinichoma. Miezi yote hiyo nilikuwa nafua ule msala uani huku nikimtukana sungura kwa sauti, majirani wanacheka, na mume wangu ndani anasikia kila neno. Niliona aibu, kisha nikaona huruma iliyoniuma kuliko ile aibu, na sikutaka hata moja ionekane mbele ya kijana wa watu.

Nikamwachia Abiria. Akaenda moja kwa moja mapajani kwa Mdoe.

"Unamwona mzee wako?" nikamwambia Hiza. "Anampenda sungura huyu hadi anajisingizia. Weka wembe wako, mwanangu. Hatumhasi."

Hiza akacheka, au alijilazimisha kucheka, akasema wazee ndivyo walivyo. Nilimpa mahindi ya kuchoma akaenda zake. Nilichukua kopo la kukojolea, nikaliweka karibu na mkono mzima wa Mdoe, nikamtandikia msala mkavu.

Asubuhi yake msala ulikuwa umeloa tena. Niliutoa uani, nikauinamia kwenye karai. Jirani akapaza sauti kutoka kwake.

"Mwantumu, si mlisema mnamhasi?"

"Nimeghairi," nikamjibu, kwa sauti ya kufika ndani mpaka kwenye ule ukuta. "Anakojoa vilevile, mshenzi yule. Sungura gani asiyejua haya."

Nikaendelea kufua.