Meza ya Nne Yapaa

Kabla ya kushika kisu, kila mfanyakazi wa kiwanda cha samaki pale Igogo hupitisha gambuti zake kwenye kibwawa cha maji ya dawa mlangoni. Jumanne ile Sabina alipita, gambuti zikabaki kavu. Alikuwa anakanyaga hewa, shubiri moja juu ya maji.

"Rudi ukanyage vizuri," alisema Obedi, msimamizi. Sabina akarudi, akajikaza, gambuti zikalowa, kazi ikaanza.

Sababu ilijulikana. Sabina alikuwa na miaka mingi akichuna minofu ya sangara, na jamani, yule mwanamke ana mkono! Kisu kinaingia nyuma ya kichwa, kinateleza mgongoni, mnofu unatoka mzima na mfupa unabaki mweupe. Wanasema chanda chema huvikwa pete. Chake kilivikwa glavu, basi. Obedi hakuwahi kumwita jina. Alimwita "wewe wa meza ya nne", na meza hiyo ilikuwa na wanawake wanane. Kwao Magu, kikundi cha walimaji hakiinui jembe bila ngoma, na mwimbishaji humsifu kila mtu kwa jina lake na la mzazi wake. Huko ndiko Sabina alikoujua utamu wa kazi, akaja kuukosa mjini. Ilimuuma. Alitaka kitu kimoja tu: Obedi atamke "Sabina".

Sasa, Jumatatu, siku moja kabla, Wilhelmina, jirani yake wa mezani, alimwona akimaliza sangara mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, akashindwa kujizuia. Akaimba, "Mtazameni Sabina, ng'wana Masanja! Kisu chake hakiachi nyama!" Meza nzima ikaitikia. Moyo wa Sabina ukaruka, mwili ukafuata. Alienda nyumbani hivyo hivyo, na kesho yake alikuwa hajashuka.

Asante ya neno ni neno. Jumanne hiyo, walipoanza kuchuna, Sabina naye akamwimbia Wilhelmina, binti wa Kabula, ambaye miiba humkimbia yenyewe. Wilhelmina akapanda, huku akibana aproni yake isipepee. Wengine nao wakaimbiwa, mmoja mmoja, kila mmoja na sifa yake. Weee! Kufikia mchana wanawake wote wanane wako hewani, vicheko juu, minofu inashuka kwenye makreti pwaa, pwaa, na ya siku nzima ikaisha kabla ya chai ya jioni. Meza ya tano wakaanza kulalamika kwamba wao hawaimbiwi.

Obedi alikuja na malalamiko yake. Maji ya gambuti yalikuwa yanadondokea minofu. Akamwita fundi wa kuchomelea kutoka Kirumba, meza ya nne ikaongezwa miguu mpaka ikawafikia, na anayepima uzito wa minofu akapewa ngazi.

"Bosi, tusifie na wewe basi, hata kidogo," alisema Wilhelmina kutoka juu.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alijibu Obedi.

Uongo mtupu. Mgema yule alisifiwa na mnywaji aliyeshalewa. Hawa walisifiana bila kulewa, na minofu haijawahi kutoka safi namna ile.

Ijumaa Sabina aliona asingoje tena. Akajivuta chini kwa kushika mguu wa meza, mpaka uso wake ukawa sawa na wa Obedi.

"Shikamoo, bosi. Mimi ndiye Sabina. Hii kazi ya juu ilianza na mimi."

Obedi akamtazama. Akamtazama vizuri kabisa, kuanzia kofia hadi gambuti, na wenzake kule juu wakainama ili wasikie.

"Marahaba," akasema. "Wewe wa juu, ukipanda nifutie hiyo feni, ina vumbi."

Akampa kitambaa. Sabina akapanda, akaifuta feni upande mmoja mmoja hadi ikang'aa, maana kazi ovyo hakuijua. Wilhelmina aliliita jina lake kwa sauti, wote wakaitikia, na kichwa cha Sabina kikagusa bati. Obedi alikuwa ameshafika meza ya tano.