Kijiko Kati Yangu na Mkwe

Huyu baba yenu Tobias mnayemwona na kitambi, alitaka kutuacha hata meno hayajamalizika kuota. Wakati wa Mwingereza huo, tunakaa kijijini Itetemia, nalima karanga. Karanga zile zilikuwa nzuri, lakini tuyaache hayo.

Alishikwa na kuhara. Bibi yenu Veneranda naye kalala na homa, hawezi hata kusimama, basi mama yake, Eustadia, akaja kumlea mtoto. Sasa sisi Wanyamwezi, mkwe ni mkwe. Humtazami usoni, humpi kitu mkononi, mkikutana njiani unapita porini. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mtoto.

Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Mama mkwe akaupaka dawa ya majani, na maji akamnyima. Nikasimama nje ya mlango, nikasema, "Tobias, mwambie bibi yako una kiu."

Kule ndani akajibu, "Tobias, mwambie baba yako mtungi uliotoboka haujazwi maji."

Nikaketi pale nje. Lakini adhuhuri nikamsikia mtoto analia, kilio chembamba kama cha paka. Nikachungulia. Machozi hakuna, macho yameingia ndani.

"Tobias, mwambie bibi yako twende mjini kwa dresa."

Akatoka naye upesi. Kumbe na yeye hofu ilikuwa imemshika. Tukaenda, yeye mbele na mtoto, mimi nyuma nasukuma baiskeli kama mwehu, maana mkwe hapakiwi.

Dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, alikuwa Selemani, Mzaramo, mtani wetu, akatupokea kwa mzaha. Akamfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama vilevile. Akaacha mzaha. Akaleta maji yaliyochemshwa, yana sukari na chumvi kidogo.

"Maji yanamwisha huyu, ndiyo yanayomuua. Mpeni kijiko, ngojeni, kijiko tena. Akitapika, mpumzisheni kidogo, muanze upya. Akikojoa mniite."

Mama mkwe kampakata mtoto, mikono yote miwili imejaa. Kijiko akapewa nani? Mimi. Nikabaki nimesimama nacho.

"Una nini wewe?"

"Huyu ni mkwe wangu."

"Ee, Wanyamwezi," akasema Selemani. "Mtoto wenu atakufa kwa adabu. Kaa hapo, bwana, nina watu wengine."

Nikakaa mwisho wa benchi. Kijiko hakifiki. Nikasogea. Hakifiki. Nikasogea mpaka goti langu likagusa kanga yake. Yeye anatazama ukuta, mimi natazama mdomo wa mtoto. Kwanza maji yalitiririka kidevuni. Halafu akalamba. Halafu akakidaka kijiko kwa fizi, hataki kukiachia.

"Tobias, mwambie baba yako asimwage," mama mkwe akaambia ukuta.

Tukaendelea hivyo, kijiko baada ya kijiko, mpaka nikasikia, "Kasimiri, ongeza."

Jina langu. Hakuwahi kulitaja tangu nimuoe binti yake.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Jua limeshaanza kushuka, mtoto akakojoa. Mkojo wa kweli, wanangu, kanga ikalowa, suruali yangu ikalowa, na hakuna aliyeinuka. Mama mkwe akageuka akanitazama usoni, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nenda kamwite huyo Mzaramo," akasema, "aje aone."