Godoro la Inchi Nane Kileleni

Alhamisi ya kwanza ya Septemba, mwaka wa tisini na sita, saa moja kasorobo asubuhi, vibarua sitini walikuwa wamepanga mstari nje ya lango la kiwanda kimoja cha magodoro, Industrial Area, wakingoja kunyooshewa kidole. Aliyenyooshewa aliingia kazini. Ambaye hakunyooshewa alikwenda kujaribu lango jingine. Kiema alikuwa amesimama katika mstari huo miaka kumi na mmoja. Alijua kukata sponji, kushona kingo, kupakia lori na kuitengeneza mashine ilipokwama, na mafundi walioandikwa kazi walimwita wao wenyewe kila walipokorofishwa nayo. Vitabuni hakuwemo. Kibarua haandikwi, huhesabiwa tu, na jioni hesabu hufutwa.

Siku hiyo hakutoka karani. Alitoka mkurugenzi mwenyewe, Bwana Munyao, tumbo likitangulia. Alikuwa mzee wa kanisa lile lile alilosali Kiema, ingawa yeye aliketi kiti cha mbele chenye mto na Kiema alisimama mlangoni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza jina. Alikuwa anatimiza miaka hamsini. Alitaka kupigwa picha juu ya Mlima Kenya akiwa amelala kwenye godoro la inchi nane la kiwanda chake, na picha hiyo itoke kwenye kalenda ya mwaka uliofuata. Fikira kama hizo huwajia watu ambao hawajawahi kubeba chochote.

"Nataka wanaume wanne," alisema. "Atakayenipandishia mzigo mpaka juu na kunishushia mpaka chini, nitamwandika kazi ya kudumu. Kupanda na kushuka. Mmenisikia?"

Walimsikia. Kuandikwa kulikuwa na maana ya barua yenye muhuri, siku za kuugua nyumbani bila kufukuzwa, na lori la kiwanda kukupeleka kwenu ukifa. Kiema aliinua mkono kabla Munyao hajafunga mdomo.

Jioni, katika chumba walichopangishwa na mfanyakazi wa reli kule Makongeni, alimweleza mkewe Mbeti. Mbeti alikuwa akichambua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwenye ungo.

"Baba Kathini, wewe mlima umeuona wapi?"

"Nimeuona kwenye noti," Kiema alisema. "Ni siku tano tu."

Mbeti alimtafutia sweta mbili na soksi za shule za Kathini, binti yao, kwa sababu ndizo zilizokuwa nzito.

Mwelekezi wao aliitwa Phares, mtu wa Chogoria, mfupi, asiyependa maneno. Alikuwa amepanda mlima huo mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Kwenye lango la mlima aliwaambia mambo matatu: wanywe maji, waende polepole, na ambaye kichwa kitamuuma mpaka atapike ashuke bila kubishana. Munyao alimjibu kwamba amemlipa kwa ajili ya kupanda, habari za kushuka zitakuja baadaye. Kisha kila mmoja akaandikwa kwenye daftari la kuingia.

Mzigo uligawanywa. Mmoja alibeba hema, wa pili chakula, wa tatu sanduku la nguo za Munyao, suti na tai zikiwemo. Godoro lilimwangukia Kiema, kwa kuwa ndiye aliyelikata na kulishona. Lilikunjwa, likafungwa kamba, likavishwa nailoni. Siku ya kwanza walipita msituni na mvua ikanyesha, nalo godoro likabaki kavu kuliko watu wote.

Siku ya pili miti iliisha, yakaja majani makavu na upepo. Munyao aliamuru nailoni ivuliwe ili wajaribu picha moja nembo ikionekana. Upepo uliichukua ile nailoni ukaenda nayo upande wa Meru. Kuanzia hapo godoro lilikunywa ukungu wote uliopita. Kazi ya sponji ni kunywa, na hii ilikuwa sponji nzuri, Kiema mwenyewe ndiye aliyeikata. Kufikia jioni maji yalikuwa yakimtiririka mgongoni na kuingia kwenye soksi za Kathini. Munyao alilala katika hema akiwa amevaa makoti mawili, akalalamika kwamba chai ina moshi.

Siku ya tatu walifika kambi iliyo chini ya majabali. Kiema alikuwa anakohoa mate yenye rangi ya waridi. Alitapika mara tatu, mara ya tatu hakuwa na cha kutapika. Phares alimwekea sikio mgongoni, akasimama.

"Huyu ana maji kifuani. Ashuke sasa hivi, mimi nitampeleka."

"Akishuka, godoro litapandishwa na nani?" Munyao aliuliza.

"Godoro libaki."

Munyao alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho cha mtoto. Halafu akajikokota mpaka alipokaa Kiema, akamwekea mkono begani, kama alivyowawekea watu mikono kila Jumapili. "Ndugu yangu, mimi simlazimishi mtu. Ukitaka kushuka, shuka na amani. Lakini uliyasikia maneno yangu. Kupanda na kushuka." Kiema aliitazama njia ya chini, akaona lango la kiwanda na mstari wa watu sitini. Akasema atapanda. Watu waliozoea kunyooshewa kidole huwa hawajui kukataa.

Siku ya nne, alfajiri, walianza sehemu ya mwisho. Vibarua wawili walimvuta Munyao mikono na wa tatu akamsukuma matako, na yeye kila baada ya hatua kumi alisimama kuwaambia kwamba siri ya mafanikio ni kujituma. Kiema alikuja nyuma. Godoro lilikuwa limeganda na kuwa ubao. Jua lilikuwa limetoka walipofika kilele cha Lenana. Munyao alivua makoti, akabaki na suti, akajilaza kwenye ule ubao, akafumba macho na kutabasamu. Phares alipewa kamera yenye filamu ya picha thelathini na sita. Kwenye picha ya kumi na tisa hivi, Kiema aliketi nyuma ya jiwe, nje ya picha, akafa.

Phares ndiye aliyeona. Aliacha kamera, akamshika shingo, akangoja kwa muda mrefu.

"Huyu amekufa," alisema.

Kiema alikubaliana naye. Alikuwa amehisi kifua kikisimama, kisha maumivu ya kichwa yakatoka yote mara moja, na ilikuwa nafuu kubwa. Alisema pole kwa usumbufu.

Munyao aliinuka kwenye godoro, akaangalia saa. "Zimebaki picha kumi na saba. Na nani atanishushia hili?"

Kiema alisimama, akalifunga godoro kamba, akalitia mgongoni. Makubaliano yalikuwa kupanda na kushuka. Phares alimtazama Munyao kwa chuki iliyokuwa wazi usoni, akatema mate kwenye theluji, akatangulia. Njiani kuteremka Kiema hakuhisi baridi wala kiu, na hakuomba kupumzika. Munyao aliliona hilo. Alimwambia Phares kwamba wengine waige mfano huo.

Kwenye lango la mlima waliwekewa daftari la kutoka. Phares alimwambia karani wa lango kwamba mmoja wao amefariki kileleni na kwamba iandikwe hivyo.

"Maiti iko wapi?" karani aliuliza.

"Ni mimi," Kiema alisema.

Karani alimtazama, akazungusha daftari. "Basi tia sahihi hapa, na saa."

Hapo ndipo Kiema alipofanya kosa. Maishani mwake alikuwa ametia sahihi mara tatu tu, na mara zote aliipenda. Aliandika jina lake lote, kwa herufi zilizolala vizuri, akapiga na mstari chini. Phares alipoona, alijifunika uso kwa kofia. Mtu aliyetia sahihi ya kutoka ametoka.

Nyumbani Makongeni, Mbeti alijua mara tu alipompokea mkoba. Mkono wa mumewe ulikuwa wa barafu na theluji ya nyweleni haikuyeyuka.

"Baba Kathini, umekufa."

"Nimefia juu, Mama Kathini. Lakini nimerudi. Jumatatu wananiandika."

Mbeti alikaa kitandani akalia, tena kwa sauti, mpaka majirani wakaja. Alilia kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alikuwa amemruhusu aende kwa soksi za shule. Jioni kukawa na matanga kama inavyotakikana. Kiema mwenyewe alipanga benchi na kuwapokea watu mlangoni, nao wakampa pole ya msiba, akaitika. Mila haikuruhusu maiti kulala na walio hai, kwa hiyo alitandikiwa gunia barazani. Mirriam mwenye kioski, ambaye hakuwa na friji, aliuliza kama anaweza kuweka kreti ya soda karibu na miguu yake. Kiema hakuona ubaya.

Jumatatu alikuwa kwenye mstari saa kumi na mbili na nusu.

"Niaje, Kiema," mmoja wa vibarua alisema. "Kwani ni ukweli umededi?"

"Ni ukweli."

"Na bado uko job?"

"Leo naandikwa."

Barua ilikuwa imeshachapwa. Wangu, karani wa wafanyakazi, alimwonyesha, jina lake likiwa juu, mihuri miwili chini. Ilibaki fomu ya daktari tu, jambo la dakika tano. Daktari wa kiwanda alimshika mkono, akamwekea chombo kifuani, akabadilisha chombo, kisha akaandika: mapigo ya moyo, hakuna. Wangu aliisoma fomu mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, na alimwonea huruma.

"Kaka, sheria inasema wa kudumu lazima awe na afya. Hii siwezi kuipitisha."

"Sasa itakuwaje?"

"Utaendelea kama kibarua. Kibarua hatumuulizi afya."

Kiema aliomba aishike barua kidogo. Aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia, akaenda kwenye mashine ya sponji.

Wiki iliyofuata Mbeti alikuja ofisini akiwa amefunga leso kiunoni. Hakuja kuomba kazi. Alitaka kiwanda kiandike kwamba mumewe alifia kazini, watoe lori, akamzike kwao Kilungu apumzike, maana mtu hawezi kufa halafu akapakia malori. Wangu alimpeleka kwa Munyao mwenyewe. Munyao alimkaribisha kiti, akamwambia wanamwombea.

"Lakini mama, nitaandikaje amekufa?" alisema. "Kuna sahihi yake kule mlimani, ametoka salama. Hapa ameingia leo saa moja. Hali chakula cha mchana, haombi ruhusa ya kwenda msalani. Mimi nina watu hai wasiofanya hivyo."

"Ulimwona akifa, Bwana Munyao. Ulikuwa umelala hapo hapo."

"Nilikuwa nimefumba macho," Munyao alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Mbeti alimwambia kwamba ana haya ya mbwa. Munyao hakukasirika. Alimpa kalenda ya mwaka unaokuja, moja ya zile za kwanza kutoka kwenye mtambo, na mlinzi akamfungulia mlango. Mbeti alifika nayo mpaka Jogoo Road, akaitandaza kwenye tope mbele ya mwenye kuuza mandazi, akaikanyaga, akavuka.

Krismasi ilipofika kiwanda kilifungwa, na Makongeni ikabaki nusu tupu, kila mtu amekwenda kwao. Mbeti aliona hiyo ndiyo nafasi. Walisafiri watatu, Kiema akaketi dirishani ili asimgandishe mtu. Kule Kilungu, ndugu zake Kiema walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi, na fundi wa kijiji, aliyezoea kuchonga twiga wa kuuzia watalii, alikuwa amechonga jeneza lenye pambo. Ijumaa baada ya Krismasi, mchana, Kiema aliaga watu wote kwa mkono, mzee na mtoto. Alimwambia Kathini asome. Kwa Mbeti alifika mwisho, akamshika mashavu kwa zile barafu za mikono, naye Mbeti akaiacha baridi imwingie. Kisha akajilaza. Mchungaji alisoma maneno mafupi. Udongo ukashuka, akina mama wakaimba, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba Mbeti alilala usingizi.

Alilala hivyo siku tano. Jumatano, siku ya mwaka mpya, baada ya chakula cha mchana, udongo wa kaburi ulianza kutingishika. Ndugu zake walikwenda na majembe kumsaidia kwa sababu ulikuwa mzito. Kiema alitoka, akajipangusa suruali, akauliza kama basi la saa tisa limepita.

"Kwani hukupumzika?" Mbeti alimuuliza.

"Nimepumzika, Mama Kathini. Kuna raha kule. Lakini kesho wanafungua, na Wangu alisema huenda mwaka huu sheria ikabadilishwa. Wakianza kuandika na nisiwepo mstarini?"

Mbeti alimtazama mwanamume huyo aliyempenda, aliyekuwa hajui kusema hapana hata akiwa chini ya futi sita za udongo. Hasira ilimpanda, lakini hakumkasirikia yeye. Alimfungia viazi kwenye gazeti, ingawa hakuwa akila tena, akamsindikiza mpaka barabarani. Basi lilipoondoka alirudi makaburini. Shemeji zake walikuwa wameshika majembe, wakiuliza kama wafukie.

"Acheni," Mbeti alisema. Akaenda kwa jirani kuazima mabati mawili ya kufunika lile shimo, mbuzi wasije wakatumbukia.