Mwiko wa Mkono Mmoja

Miaka miwili Ruthu alimeza hasira. Siku wafadhili walipokuja Ipagala kuukagua mradi wa mwiko wa wagonjwa kabla ya kuongeza fedha, alifika mapema akaketi mbele kabisa.

Mwiko ule ulikuwa wake. Aliuchonga kwao Mpwapwa, wenye mpini mnene na mkanda wa kiganja, ili mama yake aliyepigwa na kiharusi asonge ugali kwa mkono mmoja. Alipokuwa akisomea tiba kwa vitendo, ya kuwafunza wagonjwa kazi za kila siku, alimwonyesha mwalimu wake, Dokta Zablon, mchoro wa mwiko huo. Zablon akaupeleka kwa wafadhili kwa jina lake mwenyewe, akapewa yeye fedha za utafiti na za masomo ya juu.

Sasa Zablon alikuwa mbele ya wageni akijipigia debe bila haya. Ruthu akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Tunaomba utusongee ugali, mkono mmoja ukiwa umefungwa kama wa mgonjwa."

Wafadhili wakapiga makofi. Jiko likaletwa. Zablon, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusonga ugali, akatia unga akaanza kwa mbwembwe. Ugali ulipokaza, sufuria nzima ikazunguka pamoja na mwiko.

"Ruthu," alinong'ona, jasho likimtiririka, "nishikie sufuria."

Ruthu akatoa kwenye mkoba vyuma viwili vya kubania sufuria jikoni, ambavyo hakuwahi kumchorea mtu. Akavipakata.

"Mama yangu hupika peke yake, mwalimu. Waeleze wageni, nani humshikia?"