Ruti Ndiyo ya Kwanza

Siku moja kabla ya mkaguzi kuja ndipo nilipogundua kwamba darasa langu zima halijui hata sehemu moja ya mmea.

Nasimulia haya nikiwa bado na hasira. Kwa wiki tatu watoto arobaini na wanne wa darasa la kwanza walikuwa wakiniimbia majina sita ya Kiingereza kwa matamshi yao wenyewe: ruti, stemu, lifu, flawa, fruti, sidi. Yaani mzizi, shina, jani, ua, tunda na mbegu. Nilikuwa nasimama mbele ya chati ya mmea niliyoirithi kwa mwalimu aliyestaafu, naigonga kwa fimbo kuanzia chini kwenda juu, na wao wanaitikia mpaka mwalimu wa chumba cha pili anafunga dirisha. Mwenyewe nilijiona nimefika.

Alhamisi hiyo kona ya chini ya chati ilibanduka ukutani ikajikunja, mzizi ukafichika. Nikaona si neno, nikaanzia juu, kwenye ua. Darasa zima likasema ruti. Nikadhani wamepitiwa, nikaligonga ua lilelile mara ya pili. Wakasema stemu, kwa furaha ileile.

Hapo nikaelewa, na damu ikanichemka. Hawakuwa wameitazama picha hata siku moja. Walikuwa wakihesabu mapigo ya fimbo. Pigo la kwanza ruti, la pili stemu. Ningejigonga paji la uso wangeniita ruti.

Nilijaribu kila nilichokijua. Niliweka fimbo kando nikatumia kidole. Niliwaita mmoja mmoja. Nilichora jani peke yake ubaoni, kubwa kama sinia, nikamsimamisha Kibogoyo, binti wa dawati la mbele aliyeng'oka meno manne ya mbele na mwenye sauti inayowafunika wenzake wote. Alilitazama jani, akanitazama mimi kwa huruma, kisha akaanza kuuimba wimbo chinichini ili alifikie. Akalipita. Akamaliza kwa sidi na kukaa chini, ameridhika kabisa.

Nilitamani kulia. Kesho yake muda wangu wa majaribio ulikuwa unaisha. Mkaguzi akiandika kwamba nafundisha, napata ajira ya kudumu. Akiandika vingine, narudi kushikilia nafasi za wanaoumwa na wanaojifungua, kama nilivyofanya katika shule tatu. Nilikuwa nimechoka kufundisha watoto ambao sitawaona mwezi ujao.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Hakushtuka hata kidogo. Kumbe wimbo ule aliutunga yeye, na kila mwaka unamridhisha mkaguzi, maana mtu mwenye madarasa manane ya kupitia hakai mahali zaidi ya dakika kumi.

"Anza chini, panda juu, funga kitabu," aliniambia. "Usijitie kimbelembele."

Nyumbani sikuwa na hali. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alinisikiliza mpaka mwisho huku akimwagilia mnyanya wake kibarazani. Ulikuwa ndani ya kopo la rangi, una maua mawili na nyanya moja inayoanza kuiva, na aliupenda kuliko sisi. Aliniuliza kama shuleni kwetu kuna bustani. Nikamwambia uwanja wote ni saruji.

"Sasa mwanangu, hao wanaimba mzizi, wameuona wapi?"

Swali lilinichoma kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kujiuliza. Nikamwomba ule mnyanya. Alicheka, akasema nimng'oe yeye kwanza. Lakini asubuhi nililikuta kopo mlangoni, limefungwa vizuri ndani ya mfuko, na yeye amejifanya bado amelala.

Niliung'oa mbele ya darasa. Mizizi ilitoka na bonge la udongo, na watoto wakasahau kwamba wanasoma. Walijazana mezani, wakagusa, wakanusa vidole. Waliuliza kwa lugha yao maswali ambayo hawajapata kuniuliza: kwa nini una nywele, kwa nini umejificha, unafanya nini huko chini. Niliwajibu mbiombio kwamba ndiyo midomo ya mmea, unanywea maji hapo, jina lake ruti, haya rudini mkakae. Nilikuwa naangalia saa. Sikuwa nimefika hata kwenye shina, mlango ukafunguliwa.

Mkaguzi alikaa nyuma na jalada lake. Mwalimu mkuu alisimama karibu na mlango na kunionyesha chati kwa kidevu. Mnyanya ulikuwa mezani, mkono wangu ulikuwa karibu nao kabisa. Niliogopa. Nikachukua fimbo, nikaanza chini, nikapanda juu.

Waliimba vizuri kuliko siku zote. Mkaguzi alitabasamu, akaandika, akafunga jalada. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha, akiwa anatoka, akauona mnyanya.

Aliuinua. Alisema ni jambo zuri kuleta kitu halisi, ni walimu wachache wanaojisumbua hivyo. Akaishika ile nyanya na kuuliza darasa kwa upole hii inaitwaje.

Ruti, wakasema arobaini na wanne kwa pamoja.

Akashika jani. Stemu. Hakushika kingine. Alirudisha mmea mezani, akafungua tena jalada, na aliandika akiwa amesimama, mistari miwili tu. Akaniambia tutaonana baada ya miezi sita, kama shule itapenda kuniongezea muda. Mwalimu mkuu alimfuata bila kunitazama. Bila ule mnyanya ningekuwa mwajiriwa, na nilijichukia, nikamchukia na mama mkwe wangu kwa wema wake.

Nikaketi, nikawapa watoto kisogo. Nilikuwa najipangusa macho niliposikia maji yanachuruzika sakafuni.

Kibogoyo alikuwa mezani kwangu na chupa yake ya maji ya kunywa. Alikuwa ameulaza mnyanya ubavu, anaumiminia pole pole. Hakumwagia majani wala ile nyanya. Alikuwa ameishika mizizi kwa mkono mmoja kama anayemshika mtoto kichwa anapomnywesha, na maji yote yanapita hapo.

Nilimuuliza kwa ukali anafanya nini.

"Ruti ina kiu, mwalimu," alisema.

Nilikimbia hadi mwisho wa korido. Mkaguzi alikuwa ameshaingia darasa la pili. Kupitia mlango uliofungwa nilisikia fimbo ikigonga ukuta, na sauti za watoto zikianza chini, zikipanda juu.